Albamu ya sampo tupu ni nini?

Sampo ni kipande cha sauti kinachokatwa kutoka rekodi ya mtu mwingine na kutiwa katika wimbo mpya: pigo moja la ngoma, neno moja la mwimbaji, hata mlio wa farasi. Albamu ya sampo tupu basi ni ile ambayo hakuna aliyeingia studio kupiga gitaa wala kuimba. Kila unachokisikia kilisharekodiwa mahali pengine, kwa shughuli nyingine.

Huku kwetu Lamu wengi hulichanganya jambo hili na mtindo tulioulea wenyewe. Marehemu Juma Bhalo wa Mombasa alisifika kwa kuimba mashairi ya Kiswahili kwa mahadhi ya filamu za Kihindi. Lakini Bhalo aliazima mahadhi tu. Sauti ni yake, na ala zimepigwa upya na wenzake. Lau angesampo, tungemsikia mwimbaji mwenyewe wa Bombay, pamoja na mchakacho wa santuri yake.

Chukua kijana wa Langoni, mtaa wa hapa Lamu, mwenye mashine ya kizamani ya kusampo na kaseti ya taarabu ya harusi ya zamani. Kabla mwimbaji hajaingia, udi unalia peke yake sekunde mbili hivi, na kwa nyuma mama mmoja anapiga kigelegele. Kijana anakata hapo na kukirudisha kipande tena na tena. Kigelegele kimeshikana na udi, hakitoki, kwa hiyo anakiacha kiwe sehemu ya mapigo. Sasa anataka ngoma ya dumbak kutoka kaseti nyingine, na hapo ndipo kazi inapoanza. Mwendo hauoani. Akiiharakisha ile dumbak kwa mashine yake, sauti nayo inapanda, akiipunguza, inazama. Lazima apate vipande viwili vinavyokubaliana kwa mwendo na kwa sauti, na njia ya kuvipata ni kusikiliza kaseti nyingi mno. Huu ni utunzi kamili, na mtu asikwambie kwamba ni uvivu.

Mmarekani DJ Shadow alitoa Endtroducing..... mwaka 1996, na kitabu cha rekodi za dunia cha Guinness kikaitambua kuwa albamu ya kwanza ya sampo tupu. Mashine yake ya kusampo ilikuwa Akai MPC60, ambayo kabla ya kuongezewa kumbukumbu hushika sekunde 13 tu za sauti. Watumiaji wa mashine za aina hiyo walikuwa na ujanja wao: santuri ya mwendo wa mizunguko 33 kwa dakika waliicheza kwa 45 ili ichukue nafasi ndogo, kisha wakaipunguza mwendo ndani ya mashine. Sauti ilitoka nzito, yenye ukungu kidogo, na wapenzi wa muziki huo wakaja kuupenda ule ukungu.

Albamu ninayoona haijapewa haki yake, hasa huku Pwani, ni Since I Left You ya The Avalanches wa Melbourne, Australia, iliyotoka mwaka 2000. Wanaoitaja hukimbilia kuhesabu sampo zake, ati zinapita 3,000, kisha husahau kusema kwamba ni muziki wa furaha, wa kuchezeka, ambao hata asiyejua sampo ni kitu gani ataupenda. Nyimbo zinaingiliana bila kituo. Mahali pamoja inapita besi ya wimbo wa Holiday wa Madonna, kwa ruhusa yake. Wimbo mmoja wa albamu hiyo, Frontier Psychiatrist, umejengwa kwa maneno yaliyookotwa kwenye rekodi za vichekesho na kupangwa hadi yakaimba, na farasi akalia katikati.

Ruhusa ndiyo iliyoadimisha albamu za namna hii. Mwaka 1991 mahakama ya New York ilitoa uamuzi dhidi ya rapa Biz Markie kwa kusampo wimbo wa mwimbaji Gilbert O'Sullivan bila idhini, na jaji akafungua uamuzi wake kwa amri ya Biblia: usiibe. Tangu hapo kila kipande kikawa na bei, na idhini huombwa kwa watu wawili: mwenye utunzi na mwenye rekodi. Hata Kenya, sheria ya hakimiliki ya mwaka 2001 inawalinda wote wawili. Kijana wetu wa Langoni basi amtafute aliyetunga wimbo ule, au warithi wake, na aliyeirekodi kaseti, kabla hajauachia wimbo wake mtandaoni.