Mume ni Mdenmark, lakini njia ya Copenhagen inapitia Malmö

Swali ninaloulizwa kuliko yote, na watu wa Dar, Mombasa na hata Muscat, ni hili: "Mwanasheria, mume wangu kazaliwa Denmark, analipa kodi Denmark. Iweje Mromania anayefanya kazi Copenhagen aweze kumleta mke wake kutoka Tanga, na wangu mimi ashindwe?" Wengi huuliza kwa sauti ya mtu aliyedanganywa na wapambe. Hawajadanganywa. Ndivyo ilivyo, na ukishaelewa kwa nini, utaelewa pia kwa nini sehemu kubwa ya mafaili yangu ni ya Wadenmark wanaohama kwao ili waishi na wake zao au waume zao.

Raia wa Denmark akiwa nyumbani, ndoa yake na mgeni inahukumiwa kwa sheria ya Denmark. Tangu 2002 sheria hiyo inataka wote wawili wawe wametimiza miaka 24. Inataka nyumba ya ukubwa fulani na dhamana ya fedha, na tangu 2018 kuna masharti ya kujumuika na jamii, ambapo wanandoa hupimwa kwa vigezo 6 na lazima wapite angalau 4. Mromania hapimwi kwa hayo. Yeye yuko Denmark kama raia wa Umoja wa Ulaya aliyevuka mpaka, na anayevuka mpaka analindwa na sheria ya Umoja namba 2004/38. Sheria hiyo haiulizi umri wa miaka 24 wala haitaki dhamana. Inataka uthibitishe ndoa, na uthibitishe kwamba raia yule anafanya kazi, amejiajiri, anasoma, au ana fedha na bima ya afya za kutosha ili asiwe mzigo kwa nchi.

Kwa hiyo Mdenmark akihamia Sweden, naye anakuwa raia aliyevuka mpaka. Pasipoti ni ile ile, ila sasa ina nguvu ambazo nyumbani haikuwa nazo. Kuna wanaosema Denmark imejitoa kwenye sheria za uhamiaji za Ulaya. Imejitoa kwenye baadhi, zikiwemo za hifadhi ya wakimbizi na ile ya jumla ya kuunganisha familia. Kwenye uhuru wa raia kuhama haijajitoa, na haiwezi kujitoa ikiwa bado mwanachama.

Mlango huu ulifunguliwa na mahakama. Mwaka 1992, katika kesi ya Surinder Singh, Mhindi aliyeoa Mwingereza na kufanya naye kazi Ujerumani, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilisema raia aliyefanya kazi nchi nyingine ana haki ya kurudi kwao na mwenza wake kwa masharti yasiyo magumu kuliko aliyoyapata kule. Julai 2008 ikaja kesi ya Metock kutoka Ireland, iliyopewa jina la Mkameruni mmoja. Nchi kadhaa, Denmark ikiwemo, zilikuwa zinadai mwenza awe kwanza ameishi kihalali katika nchi nyingine ya Umoja. Mahakama ikalitupa sharti hilo, na Denmark ikalazimika kubadili utaratibu wake.

Kesi ninayopenda kuwasimulia Waafrika ni ya Ousmane Biao. Alikulia Ghana, akapata uraia wa Denmark mwaka 2002 akiwa na miaka 31, na akaoa Mghana. Walikataliwa Denmark, wakahamia Malmö, mji wa Sweden unaotazamana na Copenhagen ng'ambo ya bahari. Wakati huo waliokuwa raia kwa miaka 28 walisamehewa sharti la kuonyesha kwamba mizizi ya wanandoa imezama zaidi Denmark kuliko nchi nyingine. Piga hesabu: aliyezaliwa raia anasamehewa akiwa na miaka 28, Biao angesamehewa akiwa na 59. Tarehe 24 Mei 2016 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ilisema huo ni ubaguzi usio wa moja kwa moja dhidi ya wenye asili ya nje. Ushindi mkubwa, lakini angalia alikuwa anaishi wapi miaka yote hiyo akisubiri: upande wa pili wa daraja.

Daraja lenyewe, la Øresund, linalounganisha miji hiyo miwili, lilifunguliwa Julai 2000, na treni kutoka Malmö hadi Copenhagen huchukua kama dakika 40. Hapo ndipo raha na hatari ya njia hii zilipo. Mtu anaweza kulala Sweden na kufanya kazi Denmark bila kubadili mwajiri. Anaweza pia, akijidanganya, kukodi chumba Malmö cha kuweka jina tu huku maisha yake yote yamebaki Copenhagen. Mwaka 2014, katika kesi za O na B, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilisema wazi kwamba ukaaji lazima uwe wa kweli, kwa kawaida zaidi ya miezi 3, na maisha ya familia yawe yamejengwa au kuimarishwa huko huko. Kutembeleana wikiendi hakuhesabiki, hata wikiendi ziwe nyingi vipi.

Ndiyo maana nikipokea wateja wapya sianzi na fomu. Naanza na maisha. Mdenmark ahamie kwanza au wahame pamoja, maana haki ya mwenza inafuata ya raia, haitangulii. Kama raia wa nchi ya Nordic (Denmark, Sweden na jirani zao wa kaskazini) hahitaji kibali kuishi Sweden, lakini ajiandikishe Skatteverket, ofisi ya kodi inayotunza daftari la wakazi, apate namba ya utambulisho ya Sweden. Upande wa Denmark ajiondoe kwenye daftari la wakazi. Hili la pili linawauma wengi, kwa sababu nyumba ya Copenhagen wanataka waishikilie "kwa akiba". Ukiishikilia, iwe imepangishwa kwa mkataba unaoonekana. Kama anaendelea kufanya kazi Denmark, basi ukaaji wake Sweden kwa kawaida unasimama juu ya kipato na bima, si juu ya kazi ya Sweden, na bima hiyo huthibitishwa kwa fomu ya S1 kutoka Denmark. Ni karatasi moja tu, lakini isipokuwepo faili linalala.

Kisha kila mwezi weka kitu kwenye bahasha: mkataba wa pango wenye majina yote mawili, bili ya umeme, slipu za mshahara, miamala ya benki inayoonyesha mnanunua chakula Malmö, kadi ya maktaba, barua ya shule ya mtoto. Ofisa atakayesoma faili miaka miwili baadaye hakuwajua. Atawajua kwa bili.

Mwenza anayetoka Afrika Mashariki aombe viza ya Sweden kama mwanafamilia wa raia wa Umoja wa Ulaya. Viza hiyo ni ya bure na inapaswa kushughulikiwa haraka. Akifika, anaomba kadi ya ukaazi Migrationsverket, idara ya uhamiaji ya Sweden, na sheria inataka itolewe ndani ya miezi 6. Kadi hiyo kwa kawaida hudumu miaka 5. Wakati wa kusubiri, tafadhali sana, msivuke daraja mkidhani risiti ya ombi ni hati ya kusafiria. Viza ikiisha na kadi haijatoka, tulieni Malmö. Mji una samaki wazuri.

Kinachochelewesha wateja wangu wa Tanzania na Kenya kuliko sheria zote za Ulaya ni majina. Cheti cha kuzaliwa kinasema Asha Juma, pasipoti Asha Juma Ali, cheti cha ndoa Aisha J. Ally. Kwetu kila mtu anajua ni mtu mmoja, lakini Migrationsverket wanaona watu watatu. Maliza hili ukiwa bado nyumbani, kwa kiapo mbele ya wakili au kwa kurekebisha cheti chenyewe. Walioolewa msikitini au kimila Tanzania wahakikishe ndoa imesajiliwa na cheti cha serikali kipo. Ndoa ya shehe ni halali kwa Sheria ya Ndoa ya 1971, lakini ofisa wa Ulaya anataka cheti cha msajili. Hata kama mahari ilitangazwa kwa kipaza sauti.

Wakitaka kurudi Denmark, ombi linapelekwa SIRI, wakala wa serikali unaoshughulikia ukaazi wa Kiulaya, si idara ya kawaida ya kuunganisha familia. Msiache pengo kubwa kati ya raia kurudi na mwenza kuomba. Mwaka 2018, katika kesi ya Altiner na Ravn iliyotoka Denmark kwenyewe, mahakama hiyo ya Umoja ilikubali kwamba nchi inaweza kudai ombi liwe mwendelezo wa kurudi, ingawa ni lazima ipime mazingira yote ya familia. Mimi huwaambia warudi na kuomba kwa pamoja, yasizuke mabishano.

Wengine hawataki Ulaya kabisa, wanachagua Zanzibar au Malindi. Ni sawa, ila mjue sheria za kwetu nazo zina makali yake. Kenya, aliyeoana na Mkenya anaweza kuomba uraia baada ya miaka 7 ya ndoa, awe mwanamume au mwanamke. Tanzania, sheria ya uraia inampa njia ya ndoa mke mgeni wa Mtanzania. Mume mgeni haimpi.

Na wanaochagua kukaa huku wasisahau watoto. Mtoto wa Mdenmark aliyezaliwa nje, ambaye hajawahi kuishi Denmark wala kukaa kwa namna inayoonyesha uhusiano na nchi, hupoteza uraia wa Denmark akitimiza miaka 22, isipokuwa angebaki bila uraia wowote. Septemba 2023 mahakama ya Umoja ilisema Denmark lazima impe mtu muda wa kutosha kuomba kuubakiza au kuurejesha, na imjulishe haki hiyo. Bado, salama ni kuomba kabla ya siku ya kutimiza 22, kukiwa na ushahidi wa likizo kwa bibi na babu, shule, jeshi, chochote. Na ikiwa mtoto aliishi Sweden au nchi nyingine ya Nordic jumla ya miaka 7, hiyo inahesabiwa kama ameishi Denmark.