Paa Limegoma, Mlango Haupo: Vituko vya Wanaoanza na Tela la Kukunja

Kila mwaka theluji ikishayeyuka hapa Minnesota, Marekani, simu yangu huanza kulia. "Fundi, paa limegoma." "Fundi, tela linanicheza nyuma." Ninayoipenda kuliko zote ni ya kaka mmoja aliyenipigia akiwa kambini: "Fundi, mlango siuoni." Mlango wa nini? "Wa tela. Nimenyanyua paa, nimevuta vitanda, lakini pa kuingilia naona tundu tu. Nadhani wameniuzia bila mlango." Nikamwambia apite kwenye hilo tundu, aingie ndani, kisha ainue macho. Kimya kidogo. Halafu nikamsikia mkewe anacheka mpaka anakohoa. Mlango ulikuwa umebanwa darini, mahali pake pa siku zote tela linapokuwa safarini.

Kwa asiyelijua, tela la kukunja, ambalo wenyeji huku huliita popapu, ni sanduku la magurudumu mawili ambalo likifungwa halizidi kimo cha kifua. Ukifika kambini unazungusha mkono wa winchi, paa linapanda, unavuta kitanda kimoja mbele na kingine nyuma, turubai linatanuka, na sanduku linageuka chumba chenye meza, jiko na mahali pa kulala watu sita. Mengi yana uzito wa kati ya kilo 700 na 1,400. Lililotumika halina bei ya kutisha, ndiyo maana familia nyingi za kwetu zinaanzia hapo kabla ya kutamani matela marefu.

Wanaoniletea matela yaliyovunjika si wazembe, na mara nyingi wamesoma kitabu cha maelekezo kuliko mimi. Wanachokosea ni zamu. Kinachotakiwa kuja pili kinafanywa kwanza, basi.

Tuanze na paa, maana ndilo linalonipa kula. Paa hushikwa na makomeo, kwa kawaida moja kila kona. Kwenye aina ninayoikuta sana, winchi inavuta waya mmoja unaopita chini ya sakafu, na huo unavuta nyaya nne, kila mmoja ukielekea kwenye nguzo ya kona yake. Ndani ya nguzo kuna springi ndefu inayosukumwa kwenda juu. Sasa fungua makomeo matatu, usahau la nne, ambalo siku zote ni lile la upande wa vichakani ambako hakuna anayetaka kuzunguka. Kona tatu zinapanda, ya nne inabaki. Ubaya wa winchi ni kwamba giya zake zinamwezesha hata mtoto wa miaka kumi kunyanyua paa zima, kwa hiyo mkono hausikii kama kuna kitu kimeshikwa. Kwanza unasikia mlio mwembamba, kama uzi wa gitaa unaokazwa kupita kiasi. Ukiendelea kuzungusha, unasikia "ta!", waya umekatika, halafu kona moja inalala kama ng'ombe aliyechoka. Nikifika, mwenye tela huniambia maneno yaleyale: "Ilikuwa ngumu kidogo, nikaongeza nguvu."

Mtambo huu wa kunyanyua una historia. Lloyd Bontrager wa Indiana alianzisha kampuni ya Jayco mwaka 1968 shambani kwake, akitegemea namna ya kunyanyua paa aliyoibuni mwenyewe. Mpaka leo eneo la Elkhart, katika jimbo hilohilo, ndilo kitovu cha utengenezaji wa matela ya kulala nchini Marekani, na waya nyingi ninazoagiza hutoka upande huo.

Kuna na wale wenye bidii iliyozidi. Paa limefika juu, wao bado wanazungusha, "likaze vizuri". Matela mengine yana kamba nyembamba ya chuma kwenye kona moja, na ikinyooka tu ujue umefika. Watu wengi huidhani ni ya kuanikia taulo. Wakati wa kushusha nao una kichekesho chake: wanafunga zipu za madirisha yote, wanafunga tundu la juu, halafu wanashusha paa. Hewa haina pa kutokea. Turubai linafura pande zote kama andazi, na baba, mama na watoto wanalizunguka wakilibonyeza kwa viganja. Acha dirisha moja wazi, hewa itatoka yenyewe.

Barabarani makosa yanapunguza ucheshi, ingawa si yote. Gari linashika tela kwa tufe la chuma, na kwenye pua ya tela kuna kikombe kinacholifunika tufe hilo. Kwa matela ya ukubwa huu utakutana na matufe ya inchi 2 na ya inchi 1⅞. Tofauti haionekani kwa macho ya mtu mwenye haraka. Kikombe cha inchi 2 kitakaa juu ya tufe dogo, kitafunga, utatabasamu, na kwenye tuta la kwanza kitaruka. Saizi ya tufe imechongwa juu yake, na ya kikombe imeandikwa kwenye kikombe. Zisome zote mbili. Ukishafunga komeo, zungusha jeki ya mbele kama unataka kuinua pua: mgongo wa gari ukinyanyuka pamoja nayo, imeshika. Kisha minyororo ya usalama, ile inayolifunga tela kwenye gari, ipite kwa kukatana chini ya pua, ili kikombe kikiruka, pua iangukie kwenye minyororo badala ya lami.

Halafu kuna mizigo. Dada mmoja alipakia vizuri kabisa kwa mtazamo wa mpishi: kreti za soda, jenereta, mkaa na sufuria la pilau la ukubwa wa harusi, vyote nyuma kabisa, "ili nikifungua nivikute karibu". Alipofika maili 60 kwa saa kwenye barabara ya I-35 ya kwenda Duluth, tela likaanza kuyumba kama mlevi, kila yumbo kubwa kuliko lililotangulia. Sababu ni ya kimizani. Uzito ukikaa nyuma ya ekseli, pua inakuwa nyepesi na haina cha kulituliza tela. Pua inatakiwa ibebe asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote, yaani tela la kilo 1,000 likilalia tufe kwa kilo 100 hadi 150. Utapima kwa mizani ya bafuni, ukiweka ubao juu yake ili usiipasue kioo. Likianza kuyumba njiani, ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani wima, acha mwendo ufe wenyewe. Usikanyage breki kwa hofu, wala usijaribu kulikimbia. Dada yule alifanya la busara, akaegesha, na pilau likahamia mbele.

Tairi za tela nyingi, hasa zile za zamani, hazijatengenezwa kwa zaidi ya maili 65 kwa saa, na hapa barabara kuu inakuruhusu 70. Pia huzeeka kabla ya kulika. Utaona kashata zake, zile zinazoshika barabara, bado nzito kama mpya, kumbe zina miaka kumi. Tazama tarakimu nne za mwisho za maandishi yanayoanza na herufi DOT ubavuni mwa tairi: 2319 maana yake imetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Na ukisimama mara ya kwanza njiani, gusa kitovu cha kila gurudumu kwa mgongo wa kiganja. Kikiwa cha moto hakigusiki, beringi inalilia grisi.

Kwa kuwa tela likifungwa ni fupi, kwenye kioo cha nyuma hulioni, unalisahau. Shemeji yangu aliingia nalo kwenye kile kijia cha kununulia kahawa bila kushuka garini. Kahawa aliipata. Akakata kona kama kawaida yake na kuondoka na chungu cha maua cha wenyewe.

Sasa rivasi. Watu hudhani tela fupi ndilo rahisi, wakati tela refu lina subira kuliko hili. Umbali kutoka tufe hadi ekseli ni mdogo, kwa hiyo kosa dogo la usukani linajibiwa papo hapo, na sekunde mbili baadaye gari na tela vinatazamana. Shika usukani chini kabisa, pale ambapo saa ya ukutani ina tarakimu 6: mkono ukienda kulia, mgongo wa tela unakwenda kulia. Likianza kukunja sana, usibishane nalo, sogea mbele, linyooke, anza upya. La pili ni kumnyamazisha msaidizi. Nimewahi kuwaona mume na mke kambini, mama amesimama nyuma anaita kama yupo stendi ya Ubungo ya zamani: "Lete, lete, lete! Kata kulia! Kulia yote!" Baba anauliza dirishani, "Kulia kwangu au kulia kwako?" Mama anajibu, "Kulia!" Jirani wa kizungu alikunja kiti chake akahama. Kubalianeni kabla: msaidizi anyooshe mkono upande anaotaka mgongo wa tela uende, na dereva asipomwona kwenye kioo, asimame.

Mmefika. Hapa ndipo zamu inapovurugika kweli, kwa sababu watoto wanataka kukojoa na mvua inanukia. Kwanza weka pimamaji sakafuni, uone upande wa kushoto na kulia, na kama umelala, pandisha gurudumu la upande wa chini juu ya ubao tela likiwa bado limeshikwa na gari. Pili, magurudumu yawekewe vizuizi. Ukikulia Tanzania au Kenya umemwona utingo wa lori anavyoruka na jiwe mkononi kabla gari halijatulia. Yule kijana ana akili kuliko wengi wetu tukiwa likizo. Bila jiwe, ukishafungua kikombe tela linaanza safari yake. Nimeitwa mara moja kulitoa moja kwenye matete kando ya ziwa, limesimama kwa adabu kama linavua samaki. Tatu, ndipo ufungue kikombe, usawazishe mbele na nyuma kwa jeki ya pua. Nne, ushushe miguu minne ya kona.

Miguu hiyo kazi yake ni kuzuia tela lisitikisike. Haikuumbwa kulinyanyua. Mtu akiona kona imelala huikaza kwa spana mpaka gurudumu linapepea hewani, chasi inapinda, na kesho yake mlango haufungi. Na mwenye kuvuta vitanda kabla ya kushusha miguu, kisha akampandisha mjomba wa kilo 110 aende "kujaribu godoro", atapata bembea.

Friji nalo huleta malalamiko. Lile la asili kwenye matela haya halina kompresa. Hupoza kwa joto: moto mdogo wa gesi, au umeme, huchemsha mchanganyiko wa amonia na maji, na mzunguko wake ndio unaoleta baridi. Ndiyo, moto unatengeneza barafu, hata mimi ilinichukua muda kuamini. Kwa sababu maji hayo hutiririka kwa mteremko tu, tela likiwa limelala upande friji halipozi. Pia liwashe siku moja kabla, nyumbani. Ukiliwasha kambini saa kumi jioni na kulijaza soda za moto, utakunywa soda za moto. Na uzime moto wake kabla ya kuingia kituo cha mafuta.

Hapa sicheki: jiko la mkaa lisiingie ndani ya turubai, hata kukiwa na baridi, hata likiwa limebaki makaa mekundu tu yasiyo na moshi. Hewa yake ya sumu haina harufu, na watu hulala wasiamke. Kile king'ora kidogo ukutani kinachopiga kelele na kukukera ndicho kinachoinusa. Nimekuta matela ambayo wenyewe wameking'oa.

Na mimi? Safari yangu ya kwanza ilikuwa Gooseberry Falls, pwani ya Ziwa Superior, kabla sijawa fundi wa kitu chochote chenye turubai. Nilitoka kambini jeki ya pua haijapandishwa yote, na kwa mita mia hivi nikadhani mlio ule ni wa kokoto. Ulikuwa kama mtu anakwangua ukoko wa ugali kwa kijiko cha chuma. Mvua ilitunyeshea usiku kucha, tukakunja turubai likiwa limelowa. Hilo halina ujanja, mvua haikupi zamu. Ila ukikunja mbichi lazima ulifungue tena ndani ya siku moja au mbili, la sivyo kuvu inaanza kwenye mishono na haitoki.

Jumatatu jioni, basi, nikalifungua kwenye maegesho ya nyumba zetu za kupanga, nikalitandaza mpaka ukingo wa njia, nikapanga viti nje ili kupata nafasi ya kusugua sakafu. Jengo letu lilikuwa limejaa Watanzania, Wakongomani na Wakenya. Haikupita nusu saa, mama mmoja wa Tanga akashuka ngazi taratibu, khanga kichwani, chupa ya chai mkononi, na nyuma yake kina mama wengine wawili, mmoja ameshika bahasha.

"Poleni jamani," akasema, akilitazama turubai na viti. "Ni nani ametutoka?"

Bahasha tuliirudisha. Chai tuliinywa humo ndani, huku turubai likikauka.