Kari si unga wa kopo

Juzi nimeulizwa tena: "Nimeweka kari vijiko viwili kwenye bamia, mbona zimekuwa mlenda?" La mlenda nitalijibu, lakini kwanza hivyo vijiko viwili.

Kari ni kitoweo. Neno lenyewe ni la Kitamil, la kusini mwa India, na walilitumia kwa kile kinacholiwa na wali. Wareno waliofanya biashara pwani ya Malabar wakalichukua wakasema caril, na Waingereza nao wakalipokea kwa matamshi yao. Kitabu cha mapishi kilichochapwa London mwaka 1747 tayari kina kari ya kuku. Baadaye wafanyabiashara wakaona Mzungu hana kinu wala subira, wakamsagia viungo na kumuuzia vikiwa tayari vimechanganywa, na jina la chakula likahamia kwenye unga. Ni sawa na kulamba bizari ya pilau halafu useme umekula pilau. Wazee wetu waliuita unga huo bizari ya mchuzi, yaani bizari ya kutilia mchuzi. Jina lilikuwa sahihi tangu mwanzo, sijui tuliliacha kwa nini.

Masala ni jambo jingine, na hapa tuna undugu wa damu. Limetoka kwenye Kiarabu masalih, wingi wa maslaha, ambalo sisi tunalo kama maslahi. Likapita kwa Waajemi, likaingia Kihindi na Kiurdu likiwa na maana ya vitu vinavyohitajika kutengenezea kitu. Hata udongo wa fundi wa kujengea ukuta huweza kuitwa masala. Kwa mpishi ni viungo vyake, vyovyote atakavyovichagua kwa chakula hicho. Na garam masala, ingawa garam ni moto, si pilipili: ni mdalasini, karafuu, iliki na wenzao, vinavyoaminiwa kuupa mwili joto.

Sasa bamia. Bhindi masala ya nyumbani kaskazini mwa India haina mchuzi. Wenyewe wakiwa jikoni husema bhindi ki sabzi, mboga ya bamia tu. Wagujarati husema shaak. Osha bamia zikiwa nzima, zifute zikauke kabisa, ndipo ukate. Hapo ndipo penye siri yote, maana maji ndiyo yanayouamsha ute. Zikaange peke yake kwenye mafuta, bila kufunika, mpaka ute ukatike, kisha ziweke kando. Kaanga binzari nyembamba nzima, vitunguu, nyanya chache, halafu manjano, dhania ya unga na pilipili. Rudisha bamia, chumvi iwe mwishoni, na umalizie kwa unga wa embe bichi lililokaushwa, amchur. Ukiukosa, kamua ndimu. Maji usitie hata tone.

Kwa hiyo, dada yangu, kopo lako halina kosa, na bizari ya mchuzi haiharibu bamia. Mlenda umetokana na kukata bamia zikiwa na maji, halafu ukafunika sufuria. Ila kwenye kijiko hapakuwa na kari. Kari, ukipenda kuiita hivyo, ni hicho ulichokuja kukipakua.