"Hii Haimo Kwenye Video"

"Mwalimu, nifunze ufunguzi mmoja tu wa kushinda chesi, zile hatua za mwanzo." Nikiyasikia tena maneno haya hapa kijiweni Mkunguni, nitakunja ubao wangu nikanywe kahawa.

Dhana: Ukikariri ufunguzi, nusu ya mchezo umeimaliza.

Utakariri upi? Mwenye nyeupe ana hatua 20 za kuanzia, mwenye nyeusi 20 za kumjibu. Kila mmoja akishacheza mara mbili tu, njia zimefika 197,281.

Juzi kijana alinijia na Sisilia ya Najdorf, ufunguzi wa mwenye nyeusi, kaimeza kwenye simu mpaka hatua ya kumi. Nikamkalisha na mzee mmoja mpagazi wa gatini. Mzee e4, kijana c5 (herufi na namba ni jina la chumba cha ubao ambako kete inatua), kwa madaha. Hatua ya pili mzee akasukuma kitunda, ile kete ndogo, cha ukingoni, a3. Kijana kimya. Kisha akanigeukia: "Mwalimu, hii haimo kwenye video."

Haimo, ndiyo, na wala haikutishi! Toa farasi, shika katikati, endelea na kazi. Kijana akaanza kumzururisha malkia, b6, kisha a6, na kabla kahawa haijapoa farasi wa mzee akatua c7: mfalme na malkia kwa pigo moja.

Wanaoanza hawafungwi kwa kutojua jina la ufunguzi. Hufungwa kwa kete iliyoachwa wazi. Kwa hiyo mimi siulizi hatua, nauliza sababu. Kwenye ufunguzi wa Kiitaliano askofu anakwenda c4 kwa nini? Anaiwinda f7, ambayo mwanzoni mlinzi wake ni mfalme peke yake. Anayelijua hilo, mpinzani akicheza ovyo hababaiki.

Dhana: Mati ya hatua nne, kumfunga mfalme mapema kwa malkia na askofu, inatosha.

Kwa mdogo wako, labda. Anayejua atasukuma g6, na kila unapomkimbiza malkia wako yeye anatoa kete nyingine.

Dhana: Mabingwa wanakariri, basi na mimi.

Wao kitunda kimoja cha ziada huwatosha kushinda. Wewe jana umeacha ngome nzima iliwe.

Dhana: Basi ufunguzi usiguswe kabisa.

Uvivu huo. Chagua mmoja wa nyeupe, jibu moja la e4 na jingine la d4. Kila mchezo ukiisha, tazama ulipotoka njiani, hapo tu. Muda unaobaki ni wa miisho, pale kete zinapobaki chache ubaoni. Capablanca wa Kuba, bingwa wa dunia kuanzia 1921 hadi 1927, alitaka miisho isomwe kabla ya yote. Nikisema hivi wanafunzi wangu hupiga miayo. Halafu mtu anabaki na mfalme na ngome dhidi ya mfalme mtupu, anamzungusha ubao mzima, hatua 50, ukomo wa sheria, zinapita, adhana ya magharibi inalia, sare.