"Nikishuka SGR Dodoma Naunganisha Palepale": Dhana Zinazoharibu Safari za Reli ya Kati

Juzi jioni, nikiwa nafunga ofisi, alinipigia simu mama mmoja wa Mbagala. Anastaafu ualimu mwezi ujao, na zawadi aliyojiahidi ni kuipita Reli ya Kati yote, Dar hadi Kigoma, akishuka na kulala Dodoma, Tabora na Ujiji. Nilifurahi, kwa sababu katika safari zote ninazowapangia watu hakuna ninayoipenda kama hiyo. Kisha akaniambia: "Tiketi ya SGR nimeshakata, mwanangu. Nikifika Dodoma mchana, hiyo ya Kigoma si naunganisha palepale?"

Huyo ni mtu wa tano mwezi huu. Nimeona niandike.

"SGR imefika Dodoma, kwa hiyo ukishuka unaunganisha tu"

Hapana. Nitalieleza hili kwa kirefu kwa sababu ndilo linalowalaza watu kwenye mabenchi.

Dodoma tuna reli mbili. Ya kwanza ni ile waliyoianza Wajerumani kutoka Dar es Salaam mwaka 1905. Ilifika Morogoro 1907, Dodoma 1910, Tabora 1912 na Kigoma mwanzoni mwa 1914, miezi michache kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Upana wake ni mita moja kutoka chuma hadi chuma. Ya pili ni SGR, yaani reli ya kisasa ya umeme, yenye upana wa milimita 1,435, iliyoanza kuleta abiria Dodoma Julai 2024 na kuzinduliwa rasmi Agosti 1 mwaka huo. Tofauti ya upana ni kama dhiraa moja, kiwiko hadi ncha ya kidole. Ukiisikia unaona ni ndogo, lakini kwa sababu yake hakuna behewa hata moja linaloweza kutoka reli hii likaingia ile.

Stesheni nazo ni mbili. Ya zamani iko katikati ya mji, ukitoka unatembea kwa miguu hadi sokoni. Ya SGR iko pembeni, unahitaji bajaji au teksi. Tiketi ya huku haikufikishi kule. Wahudumu wa huku hawajui treni ya kule imefika wapi, na treni ya kule haikusubiri kwa sababu wewe umechelewa huku. Ni safari mbili kamili, zilizokutana kwenye mji mmoja.

Ujenzi wa SGR kwenda Tabora, Isaka na Mwanza unaendelea, na watu wakisikia habari za ujenzi wanadhani treni inatembea. Ukitaka kwenda Tabora au Kigoma kwa treni leo unapanda ile ya zamani, na ile haipiti kila siku. Hapo ndipo mahesabu ya watu yanapovunjika. Wamezoea SGR, ambayo asubuhi ukiikosa kuna nyingine baadaye. Treni ya Kigoma ukiikosa unasubiri siku, si saa. Tena inatoka mbali: ikichelewa Morogoro au Kilosa, ucheleweshaji wote unaletewa wewe uliyekaa Dodoma.

Najua uchungu wa kosa hili kwa sababu nililifanya mimi mwenyewe. Niliipangia familia ya watu sita safari, nikaanza na tarehe waliyoitaka ya kutoka Dar, nikaweka SGR, nikaweka hoteli Dodoma, mambo ya Tabora nikayaacha mwisho. Nilipokwenda kuuliza stesheni ya zamani, treni ilikuwa ipite siku mbili baada ya siku waliyotakiwa kuwa wameshafika Tabora. Wakaenda kwa basi. Babu yao alikuwa amefanya kazi relini ujanani, na alichotaka kuwaonyesha wajukuu ni pale treni inapoacha tambarare ya Bahi na kuanza kuupanda ukuta wa Bonde la Ufa kuelekea Saranda na Manyoni. Hakuwaonyesha. Tangu siku hiyo sipangi safari yoyote kwa kuanzia Dar.

Fanya hivi. Chukua daftari. Katikati ya ukurasa andika siku ambayo treni ya kwenda Tabora na Kigoma inapita Dodoma, baada ya kuuliza stesheni yenyewe. Usimsikilize jirani, wala usitegemee picha ya ratiba inayozungushwa kwenye simu tangu mwaka juzi. Ukishaiandika siku hiyo, rudi nyuma: siku mbili kabla yake uwe umeshafika Dodoma. Hapo ndipo unapokata SGR, mwisho kabisa, kwa kuwa hiyo ina safari nyingi na itakaa popote utakapoiweka. Treni adimu ipangwe kwanza, ile ya kila siku iifuate. Wateja wangu wanafanya kinyume karibu wote, kwa sababu SGR inakatika kwa simu ukiwa umelala kitandani.

Kuhusu SGR yenyewe nitasema machache. Ukitaka kushuka stesheni ndogo, usikate tiketi ya treni ya haraka ukadhani itasimama. Beba kitambulisho, fika mapema, mizigo inakaguliwa. Na kwa hisani yako safiri mchana. Watu wanaipanda usiku ili "kuokoa siku", wanapita milima ya Kilosa gizani, madirisha meusi, wanafika Dodoma wakiniambia hawakuona kitu.

"Treni ni ya tarehe 12, basi nitakwenda stesheni tarehe 12 jioni"

Tiketi imeandikwa tarehe 12, saa 01:20. Mtu anaisoma "saa moja na dakika ishirini" na anajiandaa kwa jioni. Hiyo si saa moja. Ni saa saba na dakika ishirini usiku, na ni usiku wa kuamkia tarehe 12. Stesheni unatakiwa uende tarehe 11, baada ya chakula cha usiku.

Niliwakuta mume na mke pale stesheni ya zamani, saa moja jioni ya tarehe ya tiketi yao. Mtoto amelala juu ya begi la nguo, kikapu kimefungwa kwa kanga, ndani kuna chapati na chupa ya chai, kila kitu kimeandaliwa vizuri. Treni yao ilikuwa imeshaipita Tabora. Yule dada alinionyesha tiketi mara tatu, akiweka kidole kwenye tarehe. Tarehe ilikuwa sahihi. Wao walikuwa wamechelewa kwa saa kumi na nane.

Wazee wetu hili lisingewasumbua. Mzee wa pwani akisema usiku wa Ijumaa anamaanisha ule usiku unaotangulia Ijumaa. Treni ya saa saba usiku inahesabiwa hivyohivyo. Kwa hiyo tiketi yoyote yenye saa kati ya 00:00 na 05:59, chukua kalamu uandike juu yake: "usiku wa kuamkia", kisha taja siku. Mimi nawaandikia wateja wangu wote, hata waliosoma.

"Dodoma ni kame, mvua haiwezi kuzuia treni"

Mvua zetu ni za msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, na kwa mwaka hazizidi sana milimita 570. Lakini maji ya Ugogo na Mpwapwa yanashuka kwa mto Kinyasungwe hadi Mkondoa, na reli ya zamani imelazwa kwenye bonde hilohilo kati ya Gulwe na Kilosa. Mvua za mwishoni mwa 2009 na mwanzo wa 2010 zilisomba reli pale, safari zikasimama kwa miezi. Ukisafiri kati ya Desemba na Aprili, acha siku moja tupu kwenye mpango wako. Ukiweza kuchagua, njoo kuanzia Juni hadi Oktoba.

Mengine ninayoyasikia kila wiki

Kondoa haina stesheni. Haikuwahi kuwa nayo. Michoro ya miambani, iliyoingia kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006, iko Kolo, mbele kidogo ya Kondoa mjini ukielekea Babati. Unakwenda kwa basi au gari kwa barabara ya lami, na unaanzia ofisi ya mambo ya kale palepale Kolo ili upewe mwongozaji. Kunapandwa kilima, vaa viatu vya kufunga. Na nakuomba sana: usimwagie michoro maji ili rangi itokeze kwenye picha. Maji hayo ndiyo yanayoimaliza. Warangi bado wanafanya matambiko kwenye miamba hiyo, kwa hiyo unaingia mahali pa ibada ya watu.

Makutupora ziko mbili. Ile ya SGR iko Manyoni, mkoa wa Singida. Ya zabibu iko kaskazini ya jiji la Dodoma, na huko hakuna reli. Ukitaka shamba la zabibu, panda gari uende Makutupora hii ya kwetu au Hombolo, na uliza kwanza kama ni msimu. Zabibu zetu huvunwa mara mbili kwa mwaka.

TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, haipiti Dodoma. Inatoka Dar kwa stesheni yake, inakwenda Mlimba, Makambako, Mbeya na kuingia Zambia.

Na wenye ndoa: daraja la pili kulala kwenye treni ya zamani ni vitanda sita chumba kimoja, na wanaume hulala kwao, wanawake kwao. Mkitaka kulala pamoja, kateni daraja la kwanza la vitanda viwili au lipieni chumba kizima.

"Dodoma hakuna cha kuona, ni mji wa ofisi"

Hii inaniuma, maana mara nyingi anayeisema hajatoka nje ya mtaa wa Area D. Kabla ya reli, njia ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipita hapa. Mpwapwa ndipo msafara ulipojaza maji kabla ya kuikabili Marenga Mkali, nyika isiyo na maji, halafu ukaingia Ugogo na kulipa hongo, yaani ushuru wa njia, kwa watemi ndipo upite. Leo Mpwapwa unaifikia kupitia Gulwe, ni mwendo mfupi kwa gari, na ukikaa jioni moja kwenye ile hewa ya milimani utaelewa kwa nini misafara ilitua pale.

Majeshi ya Waingereza yaliingia Dodoma mwishoni mwa Julai 1916. Pande zote mbili za vita zilichukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo, na ukame ulipokuja ikafuata njaa ambayo Wagogo wanaiita Mtunya. Ukikaa na mzee wa Mvumi au Chamwino akakusimulia alichoambiwa na bibi yake kuhusu Mtunya, huku nje vijana wanapiga zeze na marimba, hutarudia kusema hakuna cha kuona. Usiende kama mtu wa kupiga picha. Peleka sukari, kaa chini, subiri uanzwe.

Ndiyo maana nasema siku mbili za kusubiri treni Dodoma si hasara. Moja ni ya Kolo, kwenda na kurudi, kwa kudamka. Nyingine ni ya Mvumi au Hombolo.

"Tabora ni mahali pa kubadilishia treni"

Ni kweli njia zinagawanyika pale, moja kwenda Mwanza, nyingine kwenda Kigoma. Lakini mtu aliyepita Tabora bila kulala ameiacha nusu ya safari. Kwihara iko nje kidogo ya mji, na ndiko Livingstone alikokaa kwenye tembe mwaka 1872 akisubiri wapagazi. Kuna boma la Wajerumani. Kuna kumbukumbu ya mtemi Isike, ambaye Januari 1893 aliona afadhali ajilipue ndani ya ngome yake kuliko kutekwa na Wajerumani. Mwalimu Nyerere alisoma Tabora, na ni Tabora ambako mkutano wa TANU wa 1958 uliamua kuingia kwenye uchaguzi wa kura tatu, ambamo kila mpiga kura alitakiwa kumchagua Mwafrika, Mzungu na Mwasia. Hata karakana ya reli ina lake: mwaka 1916, Wajerumani walipoishiwa fedha vitani, walitengenezea hapo sarafu za dhahabu za rupia 15 zenye picha ya tembo.

Yule mama wa Mbagala nilimwomba abadilishe tarehe ya SGR. Alinuna kidogo, kisha akacheka. Sasa atalala Dodoma usiku tatu, na Kolo atakwenda na mjukuu wake anayesoma hapa chuoni. Treni ya zamani ataingia usiku wa kuamkia siku niliyomwandikia kwa wino mwekundu. Atakaa Tabora mpaka treni inayofuata ya Kigoma ipite. Nimemwambia abebe shuka, tochi na maji, asile sana jioni ili aache nafasi ya kuku wa kienyeji kwenye stesheni za Singida, na asali aibebe Tabora akirudi, si akienda, asiizungushe bure hadi ziwani. Kigoma akishuka, kabla hajapanda gari la Ujiji, apite kwanza dirishani aulize treni ya kurudi inaondoka lini na akate tiketi hapohapo.