Dar kwa ndege ni saa moja tu? Dhana potofu kuhusu safari za kutoka KIA

Wanaosema "Dar ni saa moja tu kwa ndege" hawadanganyi. Wanahesabu kipande kimoja tu cha safari.

Dhana: Umbali wa ndege ni ule ule wa basi.
Ukweli: Basi la Arusha kwenda Dar hupita Moshi, Same, Korogwe na Chalinze, na hadi Dar linakuwa limekula zaidi ya kilomita 600. Ndege hukata moja kwa moja: kutoka KIA (Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kilimanjaro) ni kama kilomita 450. Zanzibar ni kama 390, na Nairobi haifiki 250. Angalia tu kipimo. Marubani huhesabu kwa maili za baharini, na maili moja ni mita 1,852. Ukiona Dar imeandikwa 243, usidhani imesogea.

Dhana: Gawanya umbali kwa mwendo wa ndege, umepata muda.
Ukweli: Hapa ndipo wengi huumbuka. Kilomita 450 kwa mwendo wa 800 kwa saa ni kama dakika 34, lakini ratiba inaonyesha saa moja na zaidi. Hakuna aliyekosea hesabu. Muda wa ratiba huanza ndege inapoondoka ilipoegeshwa na huisha inaposimama upande wa pili. Humo ndani kuna kutambaa hadi njia ya kurukia, kupanda, kushuka, na pengine kusubiri zamu ya kutua. Kwenye safari fupi ndege haikai sana kwenye mwendo wake wa juu. Ndiyo maana pangaboi, yaani ndege za mapanga ya kuzunguka ambazo watu walizicheka sana, haziachwi mbali na jeti kwenye njia hii. Tofauti ni ya dakika, wala si ya kukosea kikao.

Dhana: Toa saa ya kuondoka kwenye saa ya kufika.
Ukweli: Kwa Dar, sawa. Kwa Amsterdam, hapana, kwa sababu tiketi huandika saa za kila mahali. Ukiondoka huko 10:00 wakati wa baridi na kutua KIA 20:30, si saa kumi na nusu. Sisi tuko mbele kwa saa mbili, kwa hiyo umeruka saa nane na nusu, kilomita kama 6,900. Majira yao ya joto tofauti hubaki saa moja. Na 10:00 ya tiketi ni saa nne asubuhi, si saa kumi!

Dhana: Uwanja wa Arusha ndiyo KIA.
Ukweli: Uwanja wa Arusha uko Kisongo, magharibi ya mji, na hutumiwa na ndege ndogo za mbugani na Zanzibar. KIA iko upande wa pili, Wilaya ya Hai, yapata kilomita 50 kutoka mjini. Wa Moshi wako karibu zaidi kidogo. Kwenye tiketi tafuta herufi: ARK ni Kisongo, JRO ni KIA.

Mjomba wangu hakuzitafuta. Alifika Kisongo mapema kabisa, akanywa chai, akaulizia ndege yake ya Dar. Alipoambiwa iko KIA, zilikuwa zimebaki dakika 50, na foleni ya Tengeru, njiani kwenda KIA, ilikuwa inamsubiri. Jioni hiyo alinipigia simu akiwa Korogwe, ndani ya basi.