"Tawanyikeni, tusiichoshe njia": dhana inayomaliza uoto

Nimeisikia tena. Safari hii ilitoka kwa kiongozi wa kundi la watu kama ishirini, tuliokutana nao kwenye kipande cha njia chenye tope. "Jamani, tawanyikeni kidogo, tusiichoshe njia." Wakatii kwa moyo mweupe: mmoja kushoto juu ya majani, mwingine kulia kati ya vichaka, wawili watatu wakirukaruka juu ya mizizi. Walipokwisha kupita nilipima kwa hatua. Njia iliyochongwa kwa upana wa hatua moja pale imeshafika hatua tisa. Na katikati, kwenye tope lenyewe, hapakuwa na alama mpya hata moja ya buti.

Kazi inayonilisha ni kukagua na kukarabati njia za miguu na maeneo ya kambi. Nikiambiwa nitaje dhana iliyonitoa jasho kuliko taka, kuliko moto, kuliko hata wale wa kuchonga majina kwenye miti, ni hii: kwamba mkitawanyika mnaipunguzia ardhi mzigo.

Inaaminika kirahisi kwa sababu inafanana na hesabu ya gunia. Mzigo ukigawanywa kwa watu kumi, kila mmoja anabeba kidogo na hakuna anayeumia. Ardhi haina hesabu hiyo. Uharibifu hauongezeki sawasawa na idadi ya nyayo. Unapanda kwa kasi mwanzoni, kisha unatulia, na unatulia kwa sababu moja tu: hakijabaki cha kuharibu. Mwaka 1993 watafiti David Cole na Neil Bayfield walichapisha utaratibu wa kupima jambo hili ili watafiti wa sehemu mbalimbali waweze kulinganisha matokeo. Unachukua vipande vya ardhi vyenye upana wa nusu mita, unavikanyaga mara 25, 75, 200 na 500, halafu unapima uoto baada ya wiki mbili na tena baada ya mwaka. Mimea laini ya majani mapana, ile inayoota kwenye kivuli cha msitu, inaweza kupoteza nusu ya uoto wake kabla hujafikisha mara mia. Nyasi huvumilia zaidi kwa kuwa sehemu yake ya kuchipulia iko chini, karibu na udongo. Vichaka vifupi vya milimani ni wadanganyifu: leo vinaonekana vimestahimili, ila vikishavunjika havirudi upesi.

Sasa rudi kwa lile kundi. Watu ishirini wakipita kwenye njia ambayo tayari ni udongo mtupu, wanaongeza madhara kidogo mno. Watu haohao wakipita kila mmoja kwake, wameanzisha mistari ishirini, na kila mstari uko pale pale kwenye mwanzo wake, ambapo kila unyayo una gharama kubwa. Na wakienda na kurudi, zidisha kwa mbili. Atakayekuja kesho ataona mistari miwili mitatu, atachagua ulio mkavu, na keshokutwa huo nao utakuwa njia.

Chini ya majani yaliyolala kuna jambo jingine lisiloonekana. Udongo uliogandamizwa hupoteza vijitundu vyake vya hewa na maji. Mvua ikinyesha, maji hayazami. Yanatiririka juu, yanabeba udongo, yanaacha mizizi imesimama kama mbavu. Kwa hiyo tope lile mlilolikwepa mnalipanua. Kila ukingo uliokanyagwa unakuwa dimbwi la msimu ujao.

Ushauri wangu, na najua unachosha watu: pita katikati ya tope, mmoja nyuma ya mwenzake. Buti liliumbwa lichafuke. Nunua vifuniko vya kukinga mashavu ya miguu kabla hujanunua kamera. Na kama unaona viatu vyako ni vizuri mno kwa tope, chagua siku kavu au nenda kwingine. Sioni kwa nini kichaka cha miaka arobaini kife ili kiatu kibaki cheupe.

Nikiri jambo moja, nisije nikaambiwa naficha. Ushauri wa kutawanyika haukutoka hewani. Mahali ambapo hapana njia kabisa, na wanaopita ni wachache sana, kutawanyika ni sahihi: kila mtu kivyake, juu ya mwamba, mchanga au nyasi kavu, na usiku msilale palipolaliwa jana. Lengo pale ni kwamba mstari usizaliwe. Mara tu mstari unapoonekana, kanuni inageuka na nyote mnarudi juu yake. Watu wameshika nusu ya kwanza ya kanuni, wakaenda nayo hadi kwenye njia zinazopitwa na watu mia kwa siku.

Njia za mkato kwenye kona ni mtoto wa dhana hii hii. "Nimekata mara moja tu." Kona ile haikuwekwa ili kukuchosha. Njia nzuri hupanda ikikatiza ubavu wa mlima, na sisi wajenzi hujitahidi mwinuko wake usizidi nusu ya mwinuko wa mteremko wenyewe, ili maji yaivuke njia badala ya kuifuata. Mkato unashuka moja kwa moja, na maji ni mvivu kama wewe: yanaufuata. Misimu michache baadaye unakuta mfereji unaokufika magotini.

Dhana ya pili ni ya wasimamizi, nao huisema kwa sauti ya kitaalamu: tatizo ni wingi wa watu, tafuta namba, weka kikomo, kazi imekwisha. Taaluma yetu yenyewe iliisaka namba hiyo kwa miaka, ikiita uwezo wa eneo kubeba wageni. Mwaka 1985 Idara ya Misitu ya Marekani ikachapisha utaratibu wenye swali tofauti, unaojulikana kama Mipaka ya Mabadiliko Yanayokubalika. Huulizi watu wangapi ni wengi mno. Unauliza ni mabadiliko kiasi gani mtayavumilia, mnayapima kwa vitu vinavyopimika, kama upana wa njia, ukubwa wa eneo lililo tupu kambini au miti iliyojeruhiwa, na kipimo kikivuka mpaka mnachukua hatua.

Tena ile kasi ya mwanzoni inawaumbua wapenda namba. Kambi iliyokwisha kuwa tupu, ukipunguza wageni kwa nusu itabaki tupu, kwa kuwa hiyo nusu iliyobaki inatosha kabisa kuzuia chipukizi. Ama uifunge hadi ipone, ama uikubali na kuiimarisha ili isitanuke. Maya Bay, ghuba ya kitalii kwenye kisiwa cha Thailand, ilifungwa Juni 2018 na kufunguliwa tena Januari 2022. Kikomo cha idadi kiliwekwa, sawa, lakini boti pia zilizuiwa kuingia ghubani. Abiria wanashukia upande wa nyuma wa kisiwa. Boti na nanga zao zilikuwa sehemu kubwa ya madhara kwa matumbawe, na nanga huiondoi kwa kuhesabu vichwa.

Mengine nitayapitia haraka.

Maganda ya machungwa na ndizi "yataoza tu". Yataoza, baada ya miezi, na kwenye baridi au ukavu hata zaidi ya mwaka. Kabla ya hapo yanawafundisha wanyama kwamba njia ya watu ina chakula, na mnyama aliyejifunza hivyo mara nyingi huishia kuuawa kwa kosa la ukali. Yarudishe nyumbani ulikoyatoa.

Sabuni "inayooza" haimaanishi sabuni ya kutia mtoni. Inahitaji udongo wenye vijidudu ili ivunjike. Chota maji, ogea angalau mita 60 kutoka kwenye kijito, mwaga hapo. Umbali huohuo ni wa choo, shimo la sentimita 15 hadi 20, na karatasi ufunge uondoke nayo. Ndiyo, karatasi. Sijui kwa nini hapa ndipo kila mtu hunikatia tamaa.

Na vinara vya mawe, yale mawe yanayopangwa moja juu ya jingine, vya kupigia picha. "Mawe hayana uhai." Mahali pengine vinara ni alama za njia, na cha uongo kinampoteza mtu wakati wa ukungu. Mtoni, upande wa chini wa jiwe ndiko wadudu wa maji wanakoshikilia na kutaga. Kuna asubuhi nilibomoa vinara kumi na kitu kando ya kijito kimoja, nikirudisha mawe majini moja moja. Kwenye matumbo ya mawe kadhaa mayai yalikuwa bado yameganda, madogo kama chembe za chumvi, makavu.